Kutembea Bila Kutumwa

Pangani ukionekana unatembea kando ya mto, mtu wa kwanza mtakayekutana atauliza, "Wapi tena?" Na jibu uwe nalo. Unakwenda kivukoni, umetumwa samaki, unamfuata mdogo wako aliyechelewa Bweni. Ukisema "Natembea tu," umejitafutia maswali mengine matatu, na habari itafika nyumbani kabla yako. Mtu mzima anayezurura pwani mikono mitupu ama ana mawazo mazito, ama kuna mtu anamvizia.

Nimekulia hapo, mahali maji ya Kilimanjaro na Meru yanapoishia baharini baada ya kushuka nchi nzima ya Upareni na Usambara. Kwa hiyo mto si mgeni kwangu, wala mashua, wala tanga linaloonekana likipita juu ya paa za nyumba kabla hujaona chombo chenyewe. Kitu kigeni kilikuwa kuutazama mto bila kuwa na shida nao. Hilo nilikwenda kujifunza Uingereza, tena kwa shida.

Nilikwenda kwa kazi ya kutunza wazee. Nikapangiwa Maldon, mji mdogo wa mkoa wa Essex, umekaa juu ya kilima na chini yake mto Blackwater unapanuka kuelekea Bahari ya Kaskazini. Treni ya abiria haifiki tangu 1964. Unaingia kwa basi kutoka Chelmsford, unashuka barabara kuu ya maduka, na ukiendelea kuteremka na ule mteremko unafika gatini bila kuuliza mtu.

Wanaojiandaa kuja huku huulizana sana kuhusu baridi. Baridi ina dawa yake, ni nguo. Mimi kilichonipiga ni giza. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma kwa saa moja. Jumamosi jua limezama karibu na saa kumi na mbili jioni, kama kwetu. Kesho yake limezama kabla ya saa kumi na moja. Katikati ya Desemba saa kumi haifiki, Magharibi imeshaingia. Anayefanya zamu ya usiku hurudi asubuhi, akalala, akiamka na kukoga na kupika, madirisha yashakuwa meusi. Alasiri na Magharibi zinafuatana hadi unaona hakuna haja ya kukunja mswala. Unaweza kumaliza wiki hujaliona jua, na ukaanza kulia kwa sababu sufuria imeanguka.

Ushauri utakaopewa ni mmoja: toka nje, tembea. Msimamizi wangu aliniambia, daktari akaniambia, bango la ukutani pale kazini likaniambia. Nikatoka. Nikatembea mpaka mwisho wa barabara, nikageuka, nikarudi. Nilichopata ni masikio kuuma. Nasema wazi kwa sababu naona watu wetu wengi wanaacha hapo hapo: ushauri ule ni nusu. Haukuambii utoke ukafanye nini. Mwenzako aliyezaliwa huku amefundishwa tangu utoto kwamba matembezi yenyewe ni shughuli, ana viatu vyake, ana mbwa wake, ana njia yake. Wewe umelelewa kwamba miguu ni ya kukufikisha. Ukitolewa nje bila pa kufika, unabaki kujiuliza tu umefuata nini.

Kilichonisaidia mimi ni maji.

Miongoni mwa wazee tuliokuwa tunawatunza alikuwamo mmoja wa kiti cha magurudumu, mzaliwa wa pale pale, mtu wa maneno machache. Saa za mchana nilikuwa namsukuma kwenda gatini, na kila siku kabla hatujatoka alikuwa na swali moja: "Leo maji yanajaa saa ngapi?" Wenzangu walikuwa wakifungua simu, au kile kijitabu cha maji kujaa na kupwa kinachouzwa madukani pale, wakamsomea. Siku moja simu haikuwa karibu. Ukutani kwangu nilikuwa na kalenda ya Kiislamu, na asubuhi ile nilikuwa nimeiona: mwezi kumi na tano. Nikamjibu bila kufikiri, "Leo bamvua. Yatajaa sana." Akaniangalia. "Saa ngapi?" Hapo nikakaa kimya, maana saa ya Pangani nilikuwa naijua, ya Maldon sikuijua.

Hesabu hii nilifundishwa na babu mzaa mama, aliyekuwa baharia wa majahazi ya Pangani na Unguja. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, maji huwa bamvua: yanajaa sana, yanakupwa sana, na kilele chake hufika siku moja au mbili baadaye. Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili maji ni mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali. Na kila kukicha maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50. Ukijua tarehe ya mwezi, huhitaji kumwuliza mtu. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na kukauka mnamo saa nne. Ndiyo maana saa nne za bamvua unawaona wanawake na vijana wametapakaa miambani na ndoo na vijiti vya pweza.

Basi nikaanza kuangalia. Nilikuwa napita gatini nikienda kazini na nikitoka, naandika nyuma ya daftari la zamu: mwezi fulani, saa fulani, maji yapo hapa. Haikuchukua muda nikaupata mpango wake. Maldon siku za bamvua maji hujaa mchana, saa saba au saa nane, na tena usiku wa manane. Siku za maji mafu hujaa asubuhi na jioni. Mwezi ni ule ule mmoja juu ya Pangani na Essex, lakini wimbi la maji linaloingia Bahari ya Kaskazini hutoka Atlantiki, likazunguka juu ya Uskoti, likateremka na pwani ya Uingereza, na safari hiyo inachukua saa zake. Hesabu ya babu haikuharibika. Ilihitaji kusogezwa tu.

Tangu siku hiyo yule mzee akawa ananiuliza mimi, hataki simu. Nami nikawa na sababu ya kutoka. Ukijua kwamba keshokutwa mwezi mpevu, basi unajua keshokutwa saa saba mto utakuwa umefura mpaka kwenye ukingo wa gati, na ukikaa ndani umekosa. Kutembea kwangu kukapata pa kufika. Hatumwi mtu kwenda kuangalia maji, lakini miguu yangu ilikubali.

Maji yakikupwa Maldon, mto hauonekani. Unabaki mfereji mwembamba katikati ya tope la kijivu linalong'aa, na vyombo vyote vimeketi juu ya tope, vingine vimelala ubavu. Kila mwaka kuna watu wanaoshindana kuvuka tope lile kwa miguu, mamia yao, kuchangisha fedha za hisani, wanazama mpaka mapajani na kutoka kwa mikono na magoti. Niliposimulia nyumbani kwa simu, mama alinyamaza kidogo kisha akauliza kama wamelazimishwa. Saa sita baadaye tope lote limefunikwa, tofauti ya zaidi ya mita nne kati ya chini na juu siku za bamvua, na vyombo vile vimesimama wima vinatikisika kana kwamba havikuwahi kulala.

Sasa vyombo vyenyewe. Nilifika nikitegemea maboti meupe ya starehe, na hayo yapo. Lakini gatini pale, lile linaloitwa Hythe Quay, yamefungwa matishari ya tanga, ya mbao na machache ya chuma, meusi ubavuni, marefu kiasi cha mita 25, na matanga yake rangi ya kutu. Mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa zaidi ya elfu mbili yaliyosajiliwa katika mto Thames na pwani za jirani. La mwisho kubeba shehena kwa tanga tupu, bila mashine, ni Cambria, lililoacha kazi 1970. Yaliyobaki leo yanatunzwa na watu wanaojitolea na kupakia abiria wa matembezi. Pudge, lililoundwa 1922, lilikwenda Dunkirk, pwani ya Ufaransa, 1940 wakati wa vita kuokoa askari. Centaur ni la 1895, na bado linaelea.

Mtoto wa pwani akiona chombo cha mbao huangalia kwanza chini kabla ya juu. Nikashangaa: hakina mkuku, ule mti wa chini unaokata maji. Sehemu yake ya chini ni bapa kama sakafu, ndiyo maana maji yakikupwa kinaketi juu ya tope kimenyooka bila magogo ya kukiegemeza. Jahazi letu ukiliacha likauke, lina mkuku, litalala ubavu usipoliwekea miti. Lakini chombo bapa upepo wa ubavuni hukisukuma pembeni, hakishiki maji. Dawa yake wameiweka ubavuni: mbao mbili kubwa, moja kila upande, zimening'inizwa kwa minyororo. Ukienda joshi, yaani kuukabili upepo, unashusha ile ya upande wa demani, kule upepo unakoelekea, inazama na kushika maji badala ya mkuku. Ukifika majini haba, unaipandisha. Kwa hivyo chombo kile kikubwa kiliweza kuingia kwenye kijito ambacho ng'ombe anavuka, kikasubiri maji yakupwe, na mkulima akasogeza mkokoteni wake mpaka ubavuni kupakia.

Wakipakia nini? Yule mzee ndiye aliyenieleza, na siku ya kueleza hayo maneno yake hayakuwa machache. Nyasi kavu na mabua ya ngano, yakapangwa juu ya sitaha mpaka nusu ya mlingoti, kupelekwa London kulisha farasi waliokuwa wakivuta kila kitu mjini. Na kurudi? Mbolea ya farasi wale wale, kwa mashamba ya Essex. "Ilikuwa petroli," akasema, "kwenda petroli, kurudi moshi." Alicheka mwenyewe mpaka nikalazimika kusimamisha kiti. Utotoni mwake farasi walikuwa wamekwisha, lakini aliyakuta matishari yakileta nafaka kwenye kinu cha unga juu kidogo ya gati, na alikuwa akitoroka shule kwenda kuyatazama. Kumbe naye hakutumwa.

Jambo lililoniuma kichwa zaidi ni mabaharia. Tishari lile lilikuwa likiendeshwa na watu wawili. Nahodha na msaidizi wake, na mara nyingi msaidizi ni kijana tu. Babu alikuwa akisimulia jinsi foromali la jahazi, ule mti mrefu unaobeba tanga, linavyopandishwa: watu sita, nane, kumi kwenye kamba, na wimbo, maana bila wimbo hawavuti pamoja. Na kugeuza tanga kubwa ni kazi nyingine, foromali lipitishwe mbele ya mlingoti, na mawimbi hayakungojei. Nikauliza na kuangalia mpaka nikaona siri. Tishari halina foromali la kupandisha na kushusha. Lina mti mrefu unaotoka chini ya mlingoti ukapanda mshazari hadi pembe ya juu ya tanga, na mti ule unakaa juu daima. Kutaka kupunguza tanga hawalishushi. Wanavuta kamba zinazolikusanya lote kwenye mlingoti, na kamba zinakwenda kwenye winchi ya mkono. Mtu mmoja anatosha. Mlingoti wenyewe umewekwa kwenye bawaba, unalazwa chombo kikipita chini ya daraja na kusimamishwa upande wa pili.

Sisemi ni bora kuliko jahazi. Jahazi liliundwa kuvuka bahari kuu na upepo mmoja kwa miezi, kusi ya kupandia na kaskazi ya kushukia, na kwa safari hiyo tanga moja kubwa halina mpinzani. Tishari limeundwa kwa mto wenye kona na upepo usio na adabu. Kila chombo na maji yake. Nilikuwa nasimama pale gatini nikiyapima hayo, na nikija kuangalia saa nimekaa nje saa nzima na robo, na wala sijalia.

Rangi ya matanga nayo ina habari. Zamani walikuwa wakiyapaka udongo mwekundu uliochanganywa na mafuta ya samaki na maji ya chumvi, yasioze. Kwetu mbao za chombo zinapakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo ukiyanusa mara moja hutayasahau, hata ukitaka.

Oktoba ndio mwezi wangu. Msimu wa matishari kupakia abiria unaisha, kwa hiyo siku za mwanzo za mwezi unaweza kuona moja au mawili yakirudi na maji ya mchana, matanga yote juu, polepole, mwendo wa mtu anayekwenda msikitini mapema. Baada ya hapo yanafungwa, matanga yanakunjwa, na sauti inayobaki ni nyundo na msasa: watu wanaziba mianya, wanapaka lami, wanabadilisha mbao. Mafundi wetu wangeelewa kila kitu pale bila mkalimani. Kalafati ni kalafati.

Njia fupi, ya kiti cha magurudumu, ni kutoka gatini kupitia bustani ya mtoni, ambayo ni lami safi hadi mwisho. Hapo mwisho imesimama sanamu ndefu ya shaba, mtu amenyanyua upanga, anaelekea mtoni. Ni Byrhtnoth, mkuu wa Essex. Mwaka 991 Waviking, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini, walitua kisiwa cha Northey, kinachoonekana pale mbele, ambacho njia yake ya kuvukia hufunikwa maji yakijaa. Majeshi mawili yakatazamana ng'ambo na ng'ambo, hakuna wa kuvuka, mpaka maji yalipokupwa. Byrhtnoth akawaacha adui wavuke wapigane sawasawa uwanjani. Akauawa, wakashindwa, na Waingereza wakaishia kuwalipa Waviking fedha ili waondoke.

Yule mzee alinisimulia kwa fahari kubwa, kama ushindi. Nikamwambia kwetu mtoni nako tuna wetu, Abushiri bin Salim, aliyewainulia Wajerumani silaha 1888, wakamnyonga Pangani Desemba ya 1889. Akauliza ana sanamu kubwa kama hii? Nikamwambia ana watoto wa shule wanaolikariri jina lake kwa ajili ya mtihani. Akafikiri, akasema hilo labda linadumu kuliko shaba. Sijui alikuwa ananifariji au anasema kweli. Lakini siku hiyo, katika maisha yangu yote ya Uingereza, ndiyo mara ya kwanza mtu aliniuliza jambo la kwetu ambalo halikuhusu wanyama.

Njia ndefu ni ya siku ya mapumziko, na ya peke yako. Unaondoka gatini, unavuka daraja la Fullbridge, unapita maduka ambayo hayana uzuri wowote, kisha unaingia kando ya mfereji wa Chelmer na Blackwater, uliochimbwa kuunganisha Chelmsford na bahari na kufunguliwa 1797. Maji ya mfereji hayajui bamvua. Yamesimama. Kingo zake zina mierebi, na nilikuja kuambiwa kwamba bonde hili ndilo linalootesha mierebi ya kuchongea magongo ya kriketi. Oktoba majani yake membamba yanakuwa manjano na kuanguka mfereji mzima, hadi huoni maji. Mbwa mmoja alikanyaga akidhani ni nchi kavu. Mwenye mbwa aliaibika kuliko mbwa.

Sikuwahi kuishi mahali miti inapojivua majani yote kwa pamoja. Kwetu mwembe unadondosha majani yake kidogo kidogo mwaka mzima, na kazi ya kufagia haiishi. Huku miti inaacha yote ndani ya wiki chache, kwa kuwa mchana umefupika na jani halina tena faida kulilisha. Rangi ya kijani inavunjika, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake inaonekana. Mwaka wa kwanza niliona kama msiba wa nchi nzima. Mwaka uliofuata niliona matumba. Ukilivuta tawi karibu, pale pale jani lilipong'oka pana kidonge kidogo kigumu, jani la mwakani, limeshafungwa tayari.

Mfereji unaishia Heybridge Basin, kwenye lango kubwa la maji. Ndani, boti zimekaa kimya kwenye maji matamu. Nje, Blackwater inajaa na kukupwa. Ukifika bamvua limejaa unashangaa lango la nini. Ukifika bamvua la chini unaona, maana upande mmoja maji yako karibu na miguu yako na upande wa pili ni shimo la tope. Hapo unapanda juu ya tuta la kuzuia bahari, na upepo unakukuta.

Siku za Oktoba juu ya tuta lile ndipo wanapofika bata bukini, weusi, wadogo kuliko nilivyotarajia, wametoka Siberia. Wanakuja kwa maelfu kukaa mpaka Machi. Kwao Essex ndiyo joto. Nilipojua hilo nilicheka peke yangu, nimevaa makoti mawili. Wakati huo huo vitwitwi wanakimbizana kwenye tope wakidonoa, na baadhi ya jamaa zao waliozaliwa kaskazini mwezi Juni hawasimami hapo, wanaendelea mpaka fukwe zetu. Unaowaona wakikimbia mbele ya mawimbi Pangani mwezi Desemba wametoka pande hizi hizi za dunia. Hakuna aliyewaomba viza.

Kama utakuja, mambo mawili ya kazi. Viatu: raba zitakuponza, tuta likilowa ni utelezi mtupu, nunua mabuti hata ya mtumba kwenye maduka ya hisani. Na usikanyage lile tope hata likionekana gumu, wala usivuke njia za visiwani bila kujua maji yako wapi; maji ya bamvua hayapandi mbele yako tu, yanakuzunguka nyuma kupitia vijito wakati unapiga picha. Mtu wa pwani anajua hili. Lakini nimewaona watu wa bara wetu wakishuka kwa furaha, na nimepiga kelele kwa Kiswahili mbele za watu.

Yule mzee sasa hatoki tena. Namletea habari kitandani: leo mwezi kumi na sita, maji yamefika ngazi ya tatu, Centaur limehamishwa upande wa pili. Ananisahihisha majina ya ngazi.

Mwaka jana alifika kazini kijana wa Tanga mjini, mtoto wa Chumbageni. Wiki ya pili baada ya saa kurudishwa nyuma nilimwona macho yake nikayajua. Sikumwambia atoke nje atembee. Nilimwambia, "Kesho saa saba kasoro, maji ya bamvua, kuna chombo nataka ukione kisha uniambie kama kingelishinda jahazi."

"Dada, kesho nalala, nimetoka zamu."

"Utalala mpaka saa kumi, giza linaingia, utafanya nini jingine?"

Akaja, kofia mpaka kwenye nyusi, mikono mfukoni, amenuna. Akaangalia lile tishari kutoka omo mpaka tezi. Akachutama akatazama zile mbao za ubavuni. Akauliza tanga linakunjwaje bila mtu kupanda. Nikamweleza. Akasema, "Hapana. Wawili hawawezi." Nikamwambia wamefanya miaka mingi. Akasema labda mtoni. Watoke nje na kaskazi ya Januari, mkondo wa Pemba, na hizo mbao zao za minyororo, tuone. Nikamwambia jahazi lake nalo liingie kwenye kijito cha kina cha magoti kupakia nyasi, tuone.

"Jahazi halipakii nyasi, dada. Lina heshima zake."

"Linapakia mkaa."

"Mkaa ni biashara."

Tulibishana gatini mpaka maji yakaanza kurudi, tukabishana tukipanda mteremko, na mzungu mmoja akatupisha njia akidhani tunagombana. Jumapili iliyofuata yeye ndiye aliyenipigia simu, akauliza leo mwezi ngapi.